Malalamiko: Tuliahidiwa Brunello, Tukamiminiwa Rosso

12 Novemba 2025

Kwa Meneja Mkuu,

Ndugu Meneja,

YAH: CHAKULA CHA JIONI CHA KUONJA MVINYO MWEKUNDU WA ITALIA, IJUMAA 7 NOVEMBA 2025

Ijumaa usiku, katika hafla yenu ya kuonja mvinyo, tulimiminiwa Rosso di Montalcino tukaambiwa ni Brunello di Montalcino. Hilo ndilo lalamiko langu kuu. Yapo na mengine nitakayoyataja, lakini hata kama yote yangekwenda sawa, hili peke yake lingenikalisha chini niandike.

Niliuliza palepale ukumbini. Msimamizi wenu wa zamu alinijibu kwamba zabibu ni zilezile na mji ni uleule, kwa hiyo hakuna nilichopoteza. Nimelitafakari jibu lake kwa siku tano, na ninakubali kwamba nusu yake ni kweli. Aina zote mbili hutengenezwa kwa zabibu za Sangiovese tupu, kutoka mashamba yanayozunguka mji wa Montalcino, kusini mwa Toscana. Tofauti iko kwenye kusubiri. Sheria inautaka Brunello ukae miaka isiyopungua miwili kwenye mapipa ya mwaloni, kisha utulie kwenye chupa, na usiuzwe kabla ya tarehe 1 Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Rosso unaruhusiwa kuingia sokoni tarehe 1 Septemba ya mwaka unaofuata mavuno. Mkulima wa Brunello huvuna, hukamua, kisha hufunga ghala na kukaa miaka bila kuona senti ya mavuno hayo. Ndiyo maana bei za mvinyo hizi mbili hazikaribiani, na ndiyo maana kwenye tangazo lenu jina la Brunello liliandikwa kwa herufi kubwa kuliko mengine yote. Jina la Rosso halikuwepo kabisa.

Naomba nisieleweke kwamba naudharau Rosso. Nimeunywa mara nyingi nyumbani na nimeufurahia. Mngesimama mbele yetu mkasema, wageni wetu, Brunello haukufika, tunaomba radhi, leo tutaonja mdogo wake, nina hakika meza yetu nzima ingekubali na usiku ungeendelea vizuri. Mlichagua kufunika kombe.

Nieleze nilivyogundua. Mvinyo mwingine wote ulimiminwa kutoka kwenye chupa zake, na chupa zikazungushwa mezani tusome lebo. Huu mmoja ulikuja kwenye jagi la kioo. Mwongozaji aliliinua juu, akautaja Brunello, akasema umehamishiwa kwenye jagi ili upate hewa. Ni maelezo yanayoaminika, maana mvinyo uliokaa miaka mingi huhitaji hewa, na sikuwa na sababu ya kushuku. Nikaonja. Nilipata cheri mbichi, uchachu wa kuchangamsha, ukakasi kidogo kwenye fizi, na ladha iliyoondoka upesi baada ya kumeza. Sikuwahi kuonja Brunello maishani mwangu. Nikajiambia, kumbe ndivyo ulivyo.

Pembeni yangu alikuwa dada yangu mkubwa. Hafla hii ilikuwa zawadi yangu kwake kwa kutimiza miaka 60, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuonja: kunusa kabla ya kunywa, kushika funda kinywani, kuandika kabla ya kuwasikiliza wengine ili maneno yao yasiuharibu ulimi wako. Ana daftari analoandika kila mvinyo anaokutana nao. Usiku ule, chini ya jina la Brunello di Montalcino, aliandika: “Mwepesi, matunda mabichi, unapita haraka. Sifa zake zimezidi.” Nilimwona akilifunga daftari taratibu. Alikuwa ameungoja mvinyo ule kwa miaka mingi kuliko mimi.

Muda mfupi baadaye niliinuka kwenda kuomba maji ya kusukutua, kwa kuwa yaliyokuwa mezani yalikwisha na hayakuongezwa. Kwenye meza ya kando, nyuma ya ndoo ya barafu, zilisimama chupa mbili tupu. Lebo ilisema Rosso di Montalcino, mavuno ya 2023. Nilisoma mara mbili. Chini yake kulikuwa na maneno Denominazione di Origine Controllata, yaani jina la asili linalodhibitiwa, bila lile neno la Garantita, la cheo cha juu zaidi, ambalo Brunello umekuwa nalo tangu 1980. Hata bila maneno hayo, mwaka peke yake unatosha kama ushahidi: Brunello wa mavuno ya 2023 hauwezi kuuzwa kihalali kabla ya 1 Januari 2028. Ijumaa ile, Brunello mpya kuliko wote ulioruhusiwa kuwa sokoni ulikuwa wa mavuno ya 2020. Kijana aliyekuwa akimimina nilimwuliza kama ndicho kilichokuwa kwenye jagi, naye alinijibu kweli bila kusitasita, akaniruhusu kupiga picha. Picha nimeiambatisha. Namwombea kijana huyo asiguswe kwa sababu ya barua hii. Katika watu wote waliotuhudumia, yeye pekee ndiye aliyenijibu kwa uaminifu.

Ndugu Meneja, mtu akiagiza mvinyo mmoja kwenye mgahawa akaletewa mwingine, amepunjwa fedha, na fedha hurudishwa. Kwenye hafla ya kuonja kwa mwongozo hali ni nzito zaidi. Tulikuja kujifunza, tuunganishe jina na ladha, ili siku nyingine tukikutana na jina lile tujue tunachokitarajia. Watu 24 walitoka ukumbini wakiamini wanaujua Brunello. Wengine watawaambia rafiki zao kwamba hauna lolote. Dada yangu alikuwa tayari ameshaliandika hilo kwa mkono wake, na kama nisingeenda kutafuta maji, asingeujaribu tena.

Tena wakulima wa Montalcino wamelilinda jina hili kwa taabu kubwa. Tangu mkulima wa huko, Ferruccio Biondi Santi, alipoweka mavuno yake ya 1888 kwenye chupa, msingi wa Brunello umekuwa Sangiovese peke yake. Mwaka 2008 palipozuka tuhuma kwamba baadhi ya watengenezaji walichanganya zabibu nyingine, na likaja pendekezo la kulegeza kanuni, wazalishaji walipiga kura na wengi mno wakakataa. Walijua kwamba kuchanganya kungewarahisishia kazi, wakabaki na zabibu yao ngumu. Mwaka 2011 walikataa tena kulegeza kanuni, safari hii kwa ajili ya Rosso wenyewe. Kwa hiyo hata huo mliouficha kwenye jagi una watu waliousimamia uitwe kwa jina lake.

Sasa mengine.

Mpangilio ulivurugwa. Ratiba mliyotutumia ilianza na Chianti Classico, ikapanda Barbaresco, Barolo, Brunello, na kuishia Amarone. Ni mpangilio mzuri na aliyeuandika anajua kazi yake. Lakini mwongozaji alichelewa dakika 40, na ili tusikae mikono mitupu mkaanza na Amarone, kwa sababu ndio uliokuwa umeshafunguliwa. Zabibu za Amarone huanikwa ndani ya maghala ya Valpolicella kwa siku kama 100 hadi 120 kabla ya kukamuliwa, zikapoteza theluthi ya uzito wake au zaidi. Kinachobaki ni sukari nyingi ndani ya maji machache, na sukari hiyo ikichachuka hutoa mvinyo mzito wenye kileo kikubwa. Kwenye chupa yenu ilisomeka asilimia 16. Ukianza na kitu kama hicho, ulimi unakuwa umeshachoka kabla ya kazi kuanza. Barbaresco ulipofuata, ule ambao watu huupenda kwa harufu yake ya waridi na lami, mezani kwetu ulionekana kama maji yenye uchachu. Mama mmoja jirani yetu aliuacha wote kwenye glasi. Sikumlaumu.

Mwongozaji mwenyewe alitupotosha mara tatu ambazo nilizinakili. Mzee mmoja alimwuliza nguvu ya Amarone inatoka wapi, akajibiwa kwamba wanaongeza sukari. Kuongeza sukari kwenye mvinyo ni marufuku Italia, na jibu sahihi, lile la kuanika zabibu, ndilo jambo tamu kuliko yote katika kuusimulia mvinyo ule. Kisha alisema Barolo ni aina ya zabibu. Barolo ni kijiji, na ni eneo la mvinyo linalogusa vijiji 11 katika vilima vya Langhe, Piemonte; zabibu inaitwa Nebbiolo. Mwisho, aliinua glasi ya Barolo kwenye taa na kusema rangi yake hafifu ni dalili ya mavuno dhaifu. Nebbiolo ndivyo ilivyo: rangi nyepesi inayoelekea rangi ya tofali kadiri miaka inavyokwenda, na ukakasi mkali kuliko zabibu nyingi zenye rangi nzito. Mtu anayeonja kwa mara ya kwanza angesaidika sana kuambiwa asiihukumu kwa macho. Aliambiwa kinyume chake, na mtu aliyelipwa amwongoze.

Kuhusu kipimo: tuliahidiwa mililita 60 za kila mvinyo. Kwa watu 24 hizo ni karibu chupa mbili kamili. Ya Barolo ilifunguliwa moja tu, na chupa ya mililita 750 ikigawanywa kwa watu 24 kila mtu hupata kama mililita 31. Tena ilikuwa na joto. Chupa zilipangwa karibu na mlango wa jikoni, wakati mvinyo wa aina hii unapendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18. Ukizidi hapo, kileo hutangulia puani na harufu nyingine zote hufukiwa.

Wapishi wenu sina neno nao. Nyama iliyopikwa taratibu kwenye mvinyo ilikuwa laini, yenye mchuzi mzito, na ilistahili kuandamana na Barolo wa kutosha.

Ninachoomba ni haya. Muwaandikie wageni wote 24 na kuwaambia wazi kwamba mvinyo wa nne kwenye ratiba ulikuwa Rosso di Montalcino wa 2023, na kwamba Brunello haukumiminwa. Mturudishie sote tofauti ya gharama ya Brunello, pamoja na nusu ya Barolo ambayo hatukuipata. Na mtueleze nani aliamua kuutia mvinyo ule kwenye jagi, kwa sababu chupa haijihamishi yenyewe. Sihitaji kuponi wala nafasi ya bure kwenye hafla ijayo. Kabla ya kukaa tena mezani kwenu nataka kwanza nijue kwamba jina lililoandikwa kwenye kadi ndilo lililomo kwenye glasi. Nategemea jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitapeleka malalamiko haya, pamoja na picha na tangazo lenu, kwenye chombo kinachosimamia haki za walaji.

Barua ya kwanza mtakayoandika, naomba iende kwa dada yangu. Nilimwambia ukweli tukiwa njiani kurudi, lakini ukurasa ule wa daftari hajaufuta. Anasema yeye huandika alichokionja na jina alilopewa, na jina atalibadilisha siku waliompa watakapomwandikia kwamba walimdanganya.

Wako,

Mteja wa meza namba 6

Viambatisho: picha ya chupa mbili za Rosso di Montalcino 2023, nakala ya tangazo la hafla, nakala ya ratiba, risiti mbili za malipo.