Nasikiliza mahubiri kutwa, kuomba siombi

Mpendwa mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, nafanya biashara ya dagaa hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma. Nimeokoka miaka mingi na ni katibu wa kina mama kanisani kwetu. Naandika kwa aibu, maana mtaani wananiita mama wa maombi, na ukweli ni kwamba siombi.

Sijarudi nyuma, ibada sikosi. Na kama ni mahubiri, nayasikia kuliko zamani. Naanika dagaa huku nimeziba masikio kwa spika za simu. Mhubiri wa Dar es Salaam akimaliza anaingia wa Nigeria na mkalimani wake, mpaka jua la saa sita. Jioni natumiwa klipu za dakika mbili mbili, naziweka status, wenzangu wananijibu "Amina mama, umenibariki." Usiku nikipiga magoti maneno hayaji. Nasema "Baba, katika jina la Yesu", kimya. Nakumbuka mteja wa Tabora hajamalizia hela ya magunia matatu, na mkono umeshafika kwenye simu.

Zamani nilisingizia kazi. Wanaolijua Ziwa Tanganyika wanaelewa: mitumbwi inatoka na taa usiku wa giza, inarudi alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ambayo Marko anasema Yesu alitoka kwenda kuomba mahali pasipokuwa na watu. Kibirizi saa hiyo ndipo watu wamejaa. Ukichelewa kidogo, dagaa wazuri wamekwisha, unagombania waliopondeka. Basi nikawa najiambia mbalamwezi ikifika, wavuvi wakipumzika, nitamtafuta Mungu. Mbalamwezi zikaja, zikapita.

Kilichoniumbua ni mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu! Hela ilikata, sikatai, nikawa nauza maandazi, lakini muda nilikuwa nao. Nikaanza mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka mmoja, Biblia yangu ile ya karatasi. Sasa mwezi uliopita nikaombwa kuleta neno kwenye maombi ya Jumatano. Nimeifungua mbele ya kina mama, ikadondoka karatasi ya hesabu: beseni ngapi, nani ananidai. Tarehe ni ya Agosti 2024, wiki ile ile ziwa lilipofunguliwa. Na ilikuwa imelala Walawi 11, pale pa samaki wenye mapezi na magamba. Muuza samaki nimekwamia kwenye samaki! Kina mama walicheka, nami nikacheka, ila niliporudi nyumbani sikula. Miezi mitatu mizima nisivuke kitabu cha tatu, na nakumbuka nilichokuwa nafanya: nilikuwa kwenye simu, naangalia watu wakifundisha namna ya kusoma Biblia.

Mchungaji aliniambia nifunge siku tatu. Nilifunga, nikashinda na njaa huku najibu wateja. Mume wangu anasema ninunue kiswaswadu, kile kisimu cha vitufe cha kupiga na kupokea tu. Ni rahisi kwake kusema. Mteja wa mbali hatumi hela kabla hajaona picha ya dagaa. Halafu mimi ni katibu, michango ya misiba, ratiba na mialiko yote imo kwenye kundi la kina mama humo humo kwenye simu. Nikiamka nakuta ujumbe zaidi ya mia, nusu yake ni maombi ya kunakili yenye maua na njiwa. Nayo nayajibu Amina bila kuyasoma.

Mama mkwe wangu wa Kasulu anakaa nasi tangu mwaka jana. Hana simu, kusoma hajui. Saa kumi usiku namsikia ukutani anaomba kwa Kiha, polepole, anatutaja mmoja mmoja kwa jina, mpaka mbuzi aliowaacha kwao anawataja. Nilimuuliza, "Mama, unawezaje kila siku?" Akanishangaa. "Saa hizo niende wapi?"

Naomba unisaidie kwa haya. Mahubiri ninayosikiliza nikianika dagaa, ni chakula kweli au nimeyageuza redio? Ukatibu niuache, au nitakuwa nakimbia huduma? Na aliyezoea kuombewa na klipu, kuomba mwenyewe anaanzia wapi? Yesu alisema tuingie chumba cha ndani tufunge mlango. Chumba chetu cha ndani wanalala wanne, na mlango ni pazia.

Nitashukuru kwa jibu lolote, isipokuwa lile la kufuta kila kitu kwenye simu. Hilo nimeshaambiwa na watu watano, wanne kati yao kwa ujumbe wa simu.

Muuza dagaa,
Kibirizi, Kigoma