Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti wa chama cha kijiji chetu: bomba limefika, talav (bwawa la kijiji) ndo kazi

Bhai zangu na ben zangu, kem cho. Mwaka huu naandika Kiswahili kwa sababu vijana wamenisema sana, ati taarifa ya Kigujarati wao wanaangalia picha tu. Haya basi, wazee mnivumilie.

Nilikuwa kijijini kwetu Kachchh, Gujarat kule India, kutoka kabla ya Diwali, wiki sita. Kama kuna mtu hapa Mombasa bado anadhani kule ni koroboi na ndoo ya kisima, amepitwa. Stima nyumbani iko masaa 24 tangu ule mpango wa Jyotigram wa 2003 ulipotenganisha laini ya nyumba na ya mashamba, ya mashamba ndo masaa 8, na mara nyingine inaletwa usiku wa manane, mkulima anatoka kitandani kwenda kuwasha pampu, tochi mkononi, macho chini asije akakanyaga nyoka. Bomba liko kila ua, hiyo ni Jal Jeevan ya serikali iliyoanza 2019, ila maji yanakuja siku moja, siku ya pili hakuna, na yakija hayamalizi lisaa. Hapo utaona mapipa, sufuria, hadi chupa za soda zimepangwa foleni. Dukani mzee mwenye fimbo analipia vitunguu vya rupia 10 kwa simu, mimi ndo natafuta chenji mfukoni kama mshamba.

Nafaka za njiwa kwenye chabutro, kile kimnara cha kulishia ndege, tumelipa mwaka mzima, hakuna deni. Wale njiwa ndo wanachama pekee ambao hawajawahi kukosa mkutano.

Sasa talav. Mlichanga, tukaajiri kontrakta achimbue tope, tope lenyewe likapelekwa mashambani kama mbolea, watu wakafurahi. Kumbe jamaa alichimba katikati tu na udongo mwingine akaurundika pale pale maji ya mvua yanapoingilia! Nyinyi mnaijua mvua ya kwetu, si ya Mombasa hii, inanyesha siku chache kati ya Juni na Septemba halafu kwaheri, ikikupita moja kubwa ushakosa nusu ya mwaka. Ile ya kwanza ilifika kwenye lile rundo, ikageuka, ikaenda zake barabarani. Watu wa kijijini walitoka na majembe na trekta moja, siku mbili wakafungua njia, mvua iliyofuata ikaingia. Malipo ya mwisho ya kontrakta nimeyazuia, na nitaendelea kuyazuia, mwenye neno aje aniambie.

Lakini jamani talav peke yake haitoshi kama chini tunanyonya hivi. Visima vya mashine vinazidi kwenda chini na maji yanazidi kuwa na chumvi, chai niliyopewa nyumba moja niliinywa kwa heshima tu. Mbona? Kwa sababu mashamba yamekodishwa, aliyekodi anapanda makomamanga na miembe, akikosa maji anachimba kingine, mwenye shamba hajui hata viko vingapi. Na wenye mashamba ni sisi, wa hapa, wa Nairobi, wa London. Mfereji wa maji ya mto Narmada, tawi la Kachchh, km 357, ulifunguliwa Agosti 2022 na kila mtu ananiuliza habari yake. Kwetu haujaleta hata tone. Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo: shamba la mwanachama lisichimbwe kisima kipya bila kupita panchayat, baraza la kijiji, kwanza. Najua wengine mtakasirika, mimi mwenyewe nina vitatu.

La mwisho ni nyumba. Baada ya lile tetemeko la 26 Januari 2001 tulijenga upya kwa hasira, ghorofa, mageti ya chuma, na sasa ni kufuli tupu. Kuna Baa mmoja, yaani bibi mzee, jirani yangu, amefunga funguo 14 kwenye pindo la sari, Diwali ikikaribia anafungua nyumba moja moja, anafagia, anawasha taa ya mafuta mlangoni, anafunga. Hakuna anayemlipa. Nilimuuliza anataka nini kutoka chama, akasema mgongo unauma, atafutwe kijana wa kushika nusu ya funguo, na mjitokeze wenyewe mseme zipi ni zenu maana nne hajui tena ni za nani.

Ukiona ni yako, niletee jina kabla ya mkutano. Pendekezo la visima tutapiga kura siku hiyo hiyo, chai kwanza.