Mheshimiwa DPP, nia ya mtu iulizwe kabla ya kesi, sio baada

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP), Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, Dodoma.

Salaam mheshimiwa, na shikamoo kama umenizidi umri. Mimi ni fundi simu hapa Morogoro, sio mwanasheria, shule yangu iliishia kidato cha nne, na sina chama wala sijawahi kugombea hata ujumbe wa serikali ya mtaa. Ila kazi hii ilishanifundisha sheria kidogo kwa njia ambayo sikuipenda, ndio maana naandika kuhusu watu walioshtakiwa kwa uhaini baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025.

Naanza na ya kwangu. Miaka kadhaa nyuma nilinunua simu iliyotumika kutoka kwa jamaa mteja wangu wa siku nyingi tu, nikaisafisha nikaipanga kabatini niuze, wiki ya pili wakaja askari wawili na mama mmoja, kumbe simu ni ya wizi. Nikapelekwa kituoni, kituo gani tuache. Sasa yule afande mpelelezi hakunipiga wala kunitukana, alinikalisha kwenye benchi akaanza kuniuliza, umeinunua shilingi ngapi, saa ngapi, mliandikishana, na ulipoipata uliificha au uliiweka wazi. Nikamwambia shilingi 180,000, saa sita mchana, daftari hili hapa lina jina lake na namba ya kitambulisho, na simu ilikuwa kwenye kabati la kioo kila anayepita anaiona. Akaniangalia weee, akasema ungeinunua 30,000 saa tano usiku leo ungelala hapa. Simu ikachukuliwa, hela yangu ikaenda na maji, lakini nikarudi kulala kwangu.

Lile jambo nimelifikiria sana mheshimiwa. Afande hakuingia moyoni mwangu maana hakuna binadamu anaweza, lakini alijua kama nilijua basi itaonekana kwenye bei, itaonekana kwenye saa, itaonekana kwenye daftari. Na aliuliza mapema, hakunitupa ndani miezi kadhaa halafu ndio tuje tujadiliane kama nilijua au sikujua.

Sasa nakuja kwenye yale maandamano ya siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025. Sitaki kujifanya sikuona, kuna vituo vya mwendokasi vilichomwa, sheli zilichomwa, na aliyetoka nyumbani na petroli kwenye chupa nia yake kaibeba mkononi, huyo sina la kumtetea. Hata hivyo kuchoma moto mali ya watu kuna kosa lake kwenye Kanuni ya Adhabu na kifungo chake kinafika mpaka maisha, kwahiyo hata huyo sijui uhaini ulikuwa wa nini. Lakini mamia ya watu walifikishwa mahakamani kwa uhaini, na uhaini mheshimiwa unajua kuliko mimi, adhabu yake kifo na dhamana hakuna. Sisi uhaini tuliousikia kwa wazee ni ule wa akina Bibi Titi na Kamaliza 1970, watu wanatuhumiwa kupanga kuiangusha serikali ya Mwalimu, sio dogo aliyetoka kuangalia moshi unatokea wapi.

Halafu Novemba 14 Rais Samia akahutubia Bunge hapo hapo Dodoma, akasema kuna vijana wengi wameshtakiwa kwa uhaini na hawakujua wanachokifanya, akataka vyombo vya sheria na hasa ofisi yako viangalie kila mtu kosa lake, na wale wanaoonekana walifuata mkumbo bila nia ya kutenda uhalifu wafutiwe. Na kweli kesi nyingi zikafutwa, kwa hilo ahsante.

Ila kijiweni kwetu siku ile tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Wengine wanasema mama kawasamehe, mama ana huruma. Mimi nikauliza, amewasamehe nini? Kama mtu hakuwa na nia basi hajatenda hilo kosa, na asiyetenda kosa hasamehewi, anaachiwa na kuombwa radhi. Nikaambiwa fundi acha ujuaji. Sasa naleta kwako mwenye taaluma, hivi nilikosea wapi? Maana kifungu cha 39 cha uhaini nimekisoma, nilisomewa na kijana wa chuo tena mara mbili, na kimejengwa juu ya neno hilohilo, mtu awe na nia, mathalani nia ya kutishia serikali au bunge au mahakama, halafu aidhihirishe hiyo nia kwa maandishi au kwa kitendo. Yaani nia ndio nyumba yenyewe, ukiitoa hakuna kinachobaki. Kwahiyo hati zile zilizopelekwa mahakamani mwanzoni mwa Novemba zilisema fulani alikusudia, na kabla mwezi haujaisha ikaonekana hakukusudia. Ni nini kilichobadilika hapo katikati? Moyo wa yule kijana haukubadilika, alikuwa mahabusu tu anakula ugali na maharage.

Kuna mzee pale kijiweni akatukumbusha ile kesi ya waigizaji wa filamu, Lulu na marehemu Kanumba, nadhani nchi nzima ilisomea sheria pale. Aprili 2012 ilifunguliwa kama kesi ya mauaji, mtu yuko ndani na dhamana hakuna. Baadae shtaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia na Januari 2013 akatoka kwa dhamana, hukumu ikaja Novemba 2017 miaka 2. Marehemu ni yuleyule, chumba ni kilekile, kilichobadilika ni neno moja tu, kukusudia, na hilo neno ndio lilikuwa funguo ya geti. Kwahiyo anayechagua neno la kuandika kwenye hati ya mashtaka ndio ameshika funguo, na huyo ni wewe mheshimiwa, sio hakimu. Kwenye kesi kama ya uhaini hakimu hata akimuonea mtu huruma hana dhamana ya kumpa.

Kesi ya uhaini ya Tundu Lissu wa Chadema siigusi maana wanasheria watanirukia, nasema tu kwamba nayo tangu Aprili 2025 ubishi wote uko kwenye maneno aliyoyasema na alikusudia nini alipoyasema.

Nirudi kwenye simu ambako najua ninachosema. Intaneti iliporudi mwanzoni mwa Novemba ukaingia ule ujumbe wa polisi kwenye simu zetu, tusisambaze picha wala video za kuleta taharuki, ni kosa la jinai. Mheshimiwa wiki ile sikubadilisha kioo hata kimoja. Watu walikuwa wanakuja fundi nifutie kila kitu, fundi nisafishie memori kadi, mpaka mama mtu mzima ana video za kwaya tu anatetemeka. Sasa WhatsApp ukiacha ilivyo, simu ikiwa kwenye wifi inapakua video yenyewe, ukiwa kwenye magrupu sita unaamka asubuhi gelari imejaa video ambazo hata hujazifungua, na simu haiandiki popote kwamba mwenyewe alikuwa amelala. Halafu huyu aliyefuta kwa woga, kesho akikamatwa si ataambiwa alikuwa anaharibu ushahidi? Asipofuta ana nia mbaya, akifuta ana nia mbaya zaidi.

Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 wala haisemi ukikutwa na uongo umekwisha. Imeweka kufuli mbili, kwanza uwe unajua kwamba ni uongo, pili uwe na dhamira, ya kudanganya umma, kutishia, kutukana, mambo kama hayo. Ndio inakuja faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote viwili. Sasa mtu kafowadi video chini yake kaandika "jamani hii ni kweli??" Huyo anauliza! Anayeuliza kama kitu ni kweli anawezaje kuwa anajua ni uongo? Lakini skrinshoti ikikatwa vizuri lile swali linabaki nje na video inabaki ndani, nimefanya hii kazi miaka mingi najua kukata skrinshoti ni sekunde mbili. Kwahiyo mawakili wako wadai simu nzima, mazungumzo yote na saa zake, wasikubali kuletewa kipande.

Bendera fuata upepo sio sifa nzuri nakubali, mtoto wangu akiwa hivyo namchapa. Lakini kama kuna kifungu kinachosema kufuata mkumbo ni uhaini naomba nionyeshwe.

Halafu kuna kitu kimenishangaza mheshimiwa. Nimeangalia Katiba ibara ya 59B inayokuhusu wewe, imesema utakuwa huru usiingiliwe na mtu, na cha kwanza kabisa inachokutaka uzingatie ni nia ya kutenda haki. Nia! Na wewe pia umewekewa nia, na baada yake imetajwa kuzuia taratibu za haki zisitumike vibaya, na maslahi ya umma. Hata ukifuta kesi mawakili wako wanasimama wanasema DPP hana nia ya kuendelea na shauri hili. Sasa ya kwako ukisema tu mahakama inakubali, huulizwi zaidi, ila ya yule dogo inamchukua wiki kwa wiki ndani kusubiri ionekane.

Ninachoomba ni kile alichonifanyia yule afande. Faili likiletwa mezani kwako kabla hujaweka sahihi kwenye kosa lisilo na dhamana, aliyelileta aonyeshe kwa huyu mtu mmojammoja, kwa jina lake, bei iko wapi, saa iko wapi, daftari liko wapi. Sio orodha ya majina yamebandikwa aya moja ya "walikusudia" kama sare ya harusi. Akishindwa kuonyesha, aandikiwe kosa dogo lenye dhamana au arudi kwao, na ushahidi ukipatikana mbele ya safari si mnajua anapokaa.

Kuna kijana aliniletea simu Oktoba 28 jioni kioo kimepasuka, nikamwambia aje kesho kutwa. Hiyo 29 alikamatwa barabarani, nimeambiwa na rafiki yake, na simu siku nzima iko kwenye droo yangu imezimwa, kwahiyo kama alihamasisha mtu basi alihamasisha kwa mdomo. Wenzake niliosikia wametoka, yeye sijamuona. Kioo nilishabadilisha, 35,000 hajanilipa na wala simdai, namchajia tu kila Jumatatu betri isife.

Wako,
Fundi simu, Morogoro