Mchezo wako ulikuwa sare

Wete, Pemba

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, huku sote hatujambo, na karafuu bado zimeanikwa majamvini mbele ya nyumba. Karatasi yako ya hatua za mchezo wa sataranji imenifika, na jana baada ya Alasiri niliupanga upya hapa barazani, kete kwa kete, na mahali pa askari wetu mmoja aliyepotea nikaweka kifuniko cha soda. Nilipofika mwisho niliumia, maana umeandika kwamba ulimpa mkono yule mzee uliyecheza naye, ukakubali kushindwa, kwa sababu yeye alikuwa na ngome (kete iendayo moja kwa moja, mbele, nyuma na kando) na askari, nawe umebaki na ngome tupu. Sahibu, mchezo ule ulikuwa sare.

Rudi nyuma hatua chache. Mfalme wako mweusi yuko e8 (herufi ni safu ya nyumba za ubao, namba ni mstari), kwenye njia ya askari wa yule mzee aliyesimama e5. Mfalme wake yuko d5, ngome yake iliyoko a7 imemfungia mfalme wako katika mstari wa nane, na ngome yako iko b6. Hapo ndipo pa kukaa. Ngome inayoulinda mstari wa sita humzuia mfalme wake asipande, na mfalme asipopanda askari hana wa kumsindikiza hadi mstari wa nane, anakogeuka malkia. Basi wewe waipeleka g6, wairudisha b6, na kungoja. Hatua 50 za kila upande zikipita bila askari kusogea wala kete kuliwa, una haki ya kudai sare. Kwa hiyo yeye, akitaka kushinda, hana budi kumsukuma askari hadi e6, na papo hapo kazi ya mstari wa sita imekwisha: ngome yako hushuka moja kwa moja hadi b1. Mfalme wake akienda d6, unamtisha mfalme huyo kwa kuiweka ngome d1. Akirudi e5, unamtisha kwa e1. Wala hana pa kujificha, kwa kuwa nyumba ya e6, ambayo ingemsitiri, imekaliwa na askari wake mwenyewe. Mfaransa Philidor, ambaye alikuwa pia mtunzi wa opera, aliieleza njia hii mwaka 1777, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Kila nikiitazama naiona nzuri, kwa sababu mnyonge hafanyi jambo kubwa lolote. Anajua tu wakati wa kukaa na wakati wa kuondoka.

Wewe uliishusha ngome hadi b1 wakati askari wake angali e5. Mfalme wake akapanda d6, ukamtisha kwa d1, akaingia e6, na askari wa e5 akawa ukuta nyuma yake. Hata hapo ulikuwa hujafa. Ngome yake ilipokuwa tayari kuingia a8 kumaliza mchezo, mfalme wako alipaswa kwenda f8, upande wenye safu chache, ili upande mrefu ubaki wazi kwa ngome yako kumsumbua mfalme wake kutoka mbali. Ulimpeleka d8, akaikalia ngome yako njia, na kutoka hapo hukupumua tena.

Kwa kuwa umeuliza pia kuhusu askofu, kete iendayo mshazari kwenye nyumba za rangi moja tu: mpinzani akibaki na askofu wa nyumba nyeupe na askari wa safu ya h anayekwenda h8, nawe huna kitu ila mfalme, mkimbize mfalme wako hadi h8 na ukae pale pale. Nyumba hiyo ni nyeusi, askofu wake haifikii kamwe, na akikubana mpaka ukose hatua bila kukutisha, hiyo nayo ni sare.

Inshallah nitavuka kuja Unguja kwa boti ya Alhamisi. Weka ubao tayari. Mimi nitashika ngome na askari, wewe utashika ngome peke yake, tutaanzia mfalme wako e8 na ngome yako b6, na hatutainuka barazani mpaka umenizuia mara tatu mfululizo.

Nisalimie wote nyumbani.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Wete