Mita Kubwa Ndiyo Mpaka Wetu

Wiki jana mama mmoja jirani alifika kioskini na mtungi wake akauliza, "Bomba ni lenu, mbona maji yakikatika mnasema si nyinyi?" Ana haki ya kuuliza. Jibu limo ndani ya kishimo cha zege, pale laini ya kikundi chetu cha maji inapoungana na bomba kuu la KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu. Humo ndimo ilimo mita kubwa, inayopima maji yote tunayouziwa.

Mpango wa vikundi kusambaza maji mtaani KIWASCO iliuanzisha hapa Nyalenda miaka ya 2000, mabomba membamba ya kiholela yalipokuwa yametapakaa mitaroni kama tambi. Kikundi kama chetu hutia saini mkataba, kikauziwa maji kwa jumla kwa bei ya chini. Laini ndogo, kusoma mita zenu, kukusanya malipo na matengenezo ni juu yetu. Tofauti ya bei ndiyo inayomlipa fundi.

Bomba likipasuka kabla ya mita kubwa, hasara si yetu. Likipasuka baada yake, kila lita iliyopita pale tunailipia, iwe imeingia mtungini au imezama matopeni. Mwaka jana tulivujisha maji mwezi mzima chini ya njia ya mikokoteni bila kujua. Ardhi ya Nyalenda ina maji karibu na juu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kukanyaga tope. Iliniuma sana, kwa kuwa kuna nyumba zilizokosa maji siku hizo hizo. Tangu hapo, kila Jumamosi fundi hulinganisha mita kubwa na jumla ya mita zenu. Pengo likikua, hupita usiku laini kwa laini, mifereji ikiwa imefungwa, akitafuta panapovuja.

Lakini mkataba hauzuii mvua kubwa wala hauleti stima. Maji ya Ziwa Victoria, kutoka Dunga, husukumwa kwa pampu. Stima ikipotea, pampu husimama. Ya mto Kibos hushuka yenyewe kutoka Kajulu, ila mvua kubwa huyajaza tope na kuyasafisha huchukua muda. Kwa hiyo wekeni akiba ya mitungi miwili yenye vifuniko. Msikimbilie visima vya mtaani kwa maji ya kunywa: vyoo vya shimo viko karibu mno.

Ukiona unyevu usioeleweka karibu na laini, mwambie mwenye kioski, hata usiku. Kuja kuangalia hatutozi. Na anayetaka kuisoma mita kubwa pamoja na fundi, aje Jumamosi saa mbili asubuhi. Kishimo kitakuwa wazi.