Kwa Mama Nuru, kuhusu shule ya Nuru

Langoni, Lamu

Shoga yangu Mama Nuru,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Baba Swaleh mguu umepoa, ameanza tena kwenda msikitini mwenyewe bila kushikwa.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, kwamba mnabishana Nuru aende sekondari ya wasichana peke yao au ya mchanganyiko na wavulana. Wifi yako kanichekesha na hayo yake kwamba wavulana na wasichana pamoja ni petroli na kiberiti. Muulize, mbona moto haukuwaka miaka yote Nuru aliyokaa darasa moja na watoto wa kiume, tangu chekechea hadi hii gredi ya 9? Lakini sitaki kumdharau. Ana hofu ya kweli, ila naona ameiweka pasipo pake.

Huku kwetu shule ya wasichana peke yao, mara nyingi ni ya bweni. Ya mchanganyiko, mara nyingi ni ya kutwa. Basi nyinyi hapo barazani mnabishana wavulana wawepo au wasiwepo, na huku mnaloamua hasa ni kama Nuru alale kwako au alale kwa watu kwa miaka mitatu ya sekondari pevu, yaani gredi ya 10 hadi ya 12. Mimi ningeanzia hapo.

Baba Nuru anasema shule za wasichana ndizo zinazoongoza kwenye mitihani. Ndiyo, zipo zinazoongoza. Lakini zile zenye majina zilikuwa zikichukua watoto wenye alama za juu kabisa nchi nzima, kisha zinasifiwa kwa kutoa alama za juu. Mpwa wangu anayesomea ualimu pale Chuo Kikuu cha Pwani ameniambia kuna watafiti wa Marekani waliokusanya tafiti 184, wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi 21, wakachapisha mwaka 2014. Walipoziangalia zile tafiti zilizolinganisha watoto wa hali sawa, tofauti ilikuwa ndogo sana, pengine hakuna. Halafu akaniambia kule Seoul, Korea Kusini, ambako watoto walikuwa wakigawiwa shule kwa kura, watafiti wengine wameona shule za jinsia moja ziko mbele. Kwa hiyo wasomi wenyewe hawajapatana, na sisi tusigombane na waume zetu kwa ajili yao.

Mimi mwenyewe nilisoma bweni la wasichana, wajua. Sitasema uongo, lilinifaa. Kiranja mkuu msichana, anayeongoza mdahalo msichana, anayebeba viti vya mkutano msichana. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuachiwa kazi. Nilitoka pale siogopi kusimama mbele za watu. Lakini nilipofika chuo, mwanafunzi wa kiume akinikatiza maneno nilinyamaza, nikimngoja amalize. Ilinichukua muda kujua kwamba hamalizi.

Sasa nije kwenye lile ambalo wifi yako hakulitaja, nami ndilo linaloninyima usingizi kuliko wavulana. Shule nyingi za zamani za wasichana zilianzishwa na wamisheni, na Nuru amevaa mtandio tangu yuko mdogo. Unakumbuka mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliporuhusu wasichana Waislamu wavae hijabu katika shule moja ya kanisa kule Isiolo? Tulifurahi. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ile. Basi usiende kwa kutegemea mahakama, nenda ukaombe kanuni za shule yenyewe, zilizoandikwa, uzisome. Uliza pia Ramadhani daku wanakula saa ngapi na nani anawapikia, na kama kuna chumba cha kuswalia. Mwalimu akikujibu "tutaona", hilo ni jibu tosha. Shule za Kwale na Mombasa ulizozitaja ziko kwenye watu wetu, huenda mambo yakawa mepesi, lakini uliza vilevile.

Na ukifika, usikubali kukalishwa ofisini na chai. Omba uone bweni. Tangu wale watoto 21 walipoteketea Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, mimi nikiingia bweni naanza na madirisha. Mwongozo wa usalama wa wizara ya elimu wa mwaka 2008 unataka madirisha yasiwe na vyuma na milango ifunguke kwa nje. Hesabu vitanda, angalia nafasi baina yake. Na pumu ya Nuru je? Nani atamshughulikia saa nane ya usiku?

Hiyo ya kutwa nayo ina yake. Hatari ya msichana hapo kwenu Malindi haiko darasani kwenye dawati la pili. Iko njiani, kwa kijana wa bodaboda anayembeba bure wiki nzima, na kwa watu wazima wanaomwita kutoka vibarazani. Mvulana wa darasani mamake unamjua, huyo mwingine humjui. Kama nauli ya tuktuk ya kila siku mnaiweza, itengeni kabla ya kununua sare.

Na nitakwambia neno, usinikasirikie. Msichana wa kutwa akirudi nyumbani anakuta vyombo, anakuta mdogo wake, anakuta wageni. Nduguye wa kiume anabwaga mkoba na kwenda kucheza mpira. Watu wanasifu bweni kwamba mtoto anasoma usiku, kumbe sifa ni kwamba hakuna aliyemtuma dukani. Nuru akibaki kwako, je, utamwachia saa mbili za jioni zake mwenyewe, hata mama mkwe akiwapo? Jibu la hilo unalo wewe, si mimi.

Ile ya mchanganyiko iliyo karibu nanyi, nenda siku ya kazi, uombe kuingia maabara. Tazama nani ameshika vyombo na nani anaandika matokeo. Kama wavulana wanachanganya dawa na wasichana wote wameshika kalamu, Nuru anayetaka uhandisi atatoka pale na mwandiko mzuri tu. Tena hakikisha shule ina mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na masomo anayoyataka, maana si kila shule ina mikondo yote mitatu. Hili litangulizeni kabla ya mabishano yote.

Nilivyosikia kwa walioingia gredi ya 10 Januari 2026, mtoto anachagua shule 12. Basi hata ugomvi hamna haja nao, za wasichana zitaingia na za mchanganyiko zitaingia. Panga tu ipi itangulie. Kama ni mimi, kwa pumu ile na kwa jinsi anavyopenda fizikia, ningetanguliza ile ya kutwa, mradi maabara ikupendeze na nauli ipatikane. Za bweni ningeziandika zile tu ambazo umeyaona madirisha yake.

Na Nuru mwenyewe anasemaje? Dakika zote zile za sauti, umenipa maneno ya baba, ya wifi, ya bibi. Yake sikuyasikia. Mpe simu Ijumaa baada ya swala ya alasiri, niongee naye.

Wasalimie wote nyumbani.

Shoga yako,
Mama Swaleh