Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya na Ustawi wa Korea Kusini: Kiharusi Hakisubiri Kidonge

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima kuhusu madarasa ya kuzuia kiharusi ambayo matabibu wa tiba ya jadi ya Kikorea huyaendesha katika vituo vya afya vya umma, yaani bogeonso. Ni huduma yenye manufaa makubwa, kwani mzee hupimwa presha, hufundishwa mazoezi mepesi na kuhimizwa kupunguza chumvi, tena na tabibu aliyesoma chuo kikuu miaka 6 na ambaye taaluma yake inatambuliwa na sheria tangu mwaka 1951.

Ombi langu ni kwamba somo la kwanza katika madarasa hayo liwe juu ya saa ile kiharusi kinapopiga. Mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki sawasawa, na jamaa, kwa mapenzi yao yote, wanamtoboa mgonjwa ncha za vidole kwa sindano ili damu itoke, au wanamtia kinywani Woohwang Cheongsimwon, kile kidonge cha mviringo kilichovikwa dhahabu nyembamba ambacho kimo hata katika Dongui Bogam, kitabu cha tabibu Heo Jun kilichochapishwa mwaka 1613. Koo la mgonjwa huyo huenda limepooza, na anachomezeshwa kikaingia mapafuni. Wakati huohuo muda unayoyoma, ilhali dawa ya hospitali ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya kichwa kuthibitisha kwamba ubongo hauvuji damu.

Anayepaswa kulisema hili ni tabibu wa jadi mwenyewe. Likitoka kwa daktari wa hospitali, wazee wengi watahisi kwamba mila yao inadharauliwa. Likitoka kwa yule anayewachoma sindano za tiba kila wiki, watalishika. Awafanyishe mazoezi ya kupiga 119, namba ya dharura ya kuita gari la wagonjwa, kutaja saa dalili zilipoanza, na kutomlisha mgonjwa chochote.

Naomba pia kila mzee aje na vifuko vyake vya dawa za kuchemsha pamoja na vidonge vya hospitali, vikaguliwe mahali pamoja. Gamcho, mzizi mtamu unaotiwa katika dawa nyingi za jadi, ukitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu hupandisha presha na kupunguza madini ya potasiamu mwilini.

Maagizo hayo yanaweza kutolewa kwa waraka mmoja wa wizara yako kwa vituo vyote, na nakusihi uutoe.

Wako mtiifu,
Mfuatiliaji wa afya ya jamii